Daftari la Mjomba Katika Faili Moja

Mama mdogo alishuka kutoka mlimani na daftari la mjomba likiwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ukiwa ndani ya kanga, na kanga ikiwa chini ya magimbi kwenye kikapu. Alikiweka kikapu mezani katika chumba nilichokuwa nimepanga Kilakala, akaanza kutoa magimbi moja moja, na kabla hajafika kwenye daftari alisema mtoto wa mjomba anauza shamba.

"Shamba lipi?"

"La mtoni. Kuna lingine?"

La mtoni ndilo alilokuwa akiishi. Nyumba yake ilikuwa katikati ya shamba lile, mwendo wa saa mbili kwa miguu kupanda kutoka Mkuyuni, na hakuwa na pengine pa kwenda. Mume wake alikuwa ameshafariki na hakujaliwa mtoto. Marehemu mama yangu alikuwa dada yake, mjomba alikuwa kaka yao, na katika hao watatu alikuwa amebaki yeye.

Mjomba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, mtu wa kugawa mashamba, na kwa kuwa aliwahi kuwa karani kwenye miwa kule Turiani kwa miaka mingi, aligawa kwa kuandika. Mtoto wake alizaliwa Turiani, akakulia pale mtoni, akapanda mdalasini akiwa bado hajaoa. Sasa alikuwa amepata mnunuzi kutoka Dar es Salaam, mtu aliyetaka mteremko wote mpaka ukingoni. Ilikuwa miaka ile viwanda vya mjini vikiuzwa kimoja baada ya kingine, na watu walikuwa wameshazoea kwamba chochote kinaweza kupata mnunuzi. Mama mdogo alikuwa amefungua shauri kwenye baraza la ardhi la wilaya. Mwanasheria mmoja wa Dar es Salaam, mwanamke anayewasaidia wasio na uwezo, alikubali kumsimamia, lakini alitaka kuona maandishi kwanza.

Nilimpigia simu jioni ileile.

"Kurasa ngapi?" akauliza.

"Thelathini na nane."

"Dada yangu, usinitumie picha thelathini na nane. Kuna mtu alinifanyia hivyo, nikafungua moja moja mpaka nikasahau nilianza na ipi. Nitumie faili moja, kurasa zifuatane. Ijumaa nataka niwe nimeshapeleka barazani."

Nikamwambia sawa. Sikujua faili moja linatengenezwaje. Nilikuwa nimerudi Morogoro miezi minne tu, kutoka Mtwara, na mpango wangu ulikuwa kuondoka tena kwenda Tunduma mvua zikiisha. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimekaa mahali popote miaka miwili. Mama mdogo alilijua hilo na hakulisema. Alilala kwangu usiku mmoja, asubuhi akapanda gari la kurudi, kwa sababu hakutaka nyumba ikutwe tupu.

Daftari lilikuwa kaunta buku, jalada gumu, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa katani, na mjomba aliandika upande mmoja tu wa kila karatasi. Lilikuwa limewahi kunyeshewa. Wino wa bluu ulikuwa umetoka kwenye ukurasa mmoja na kuacha kivuli kwenye ukurasa uliouelekea, na pembeni kulikuwa na mawimbi ya rangi ya chai. Nililisoma lote. Lilinishangaza kwa mpangilio wake mbaya. Ukurasa wa mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano, ulifuatwa na wa kabla ya uhuru, kisha ukaja wa juzijuzi, kisha tukarudi tena enzi za babu. Nikaona kwamba mjomba alikuwa akifungua popote penye nafasi na kuandika.

Basi nikachukua wembe nikakata uzi. Nilitaka karatasi zilale vizuri kwenye kioo cha skana. Nikazitandaza kitandani, nikazipanga upya kwa tarehe, kuanzia ya zamani kabisa. Zile zisizo na tarehe nilizikisia kwa mwandiko, maana mkono wa mjomba ulianza kutetemeka alipozeeka. Kazi hiyo ilinichukua jioni nzima na niliifurahia. Nilipomaliza, daftari lilisomeka kama kitabu cha historia cha shule.

Kuhusu ukoo wetu lazima nieleze jambo moja, ingawa mtu wa Uluguru atakuwa analijua. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Ardhi iko kwa ukoo, na ndani ya ukoo iko kwa tombo. Tombo kwa Kiluguru ni ziwa la mama. Watu wa tombo moja ni wale ambao, ukirudi nyuma mama kwa mama, utawafikisha kwa mwanamke mmoja aliyewanyonyesha wote. Mjomba alikuwa wa tombo letu kwa sababu ya mama yake. Mtoto wake hakuwa wa tombo letu, kwa sababu mama yake alikuwa mtu mwingine. Baba anaweza kumpa mwanawe mahali pa kulima maisha yake yote, lakini anampa kwa kuazima. Niliyajua haya yote tangu utotoni, na bado nilikata ule uzi.

Stesheneri niliyokwenda ilikuwa mitaa ya nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo aliyefanya kazi kiwanda cha nguo, fundi wa mashine za kufumia, mpaka kiwanda kilipofungwa kikisubiri mnunuzi. Mjini walimwita Fundi tu. Alikuwa na kompyuta moja iliyotumika, skana moja, na kibao mlangoni kilichoandikwa kwa mkono: HAPA HAKUNA VIRUSI. Miaka ile ukienda na diski kwenye maduka mengine ulirudi nayo ikiwa na maradhi. Kompyuta ya Fundi ilitumia Linux, mfumo ambao virusi vile havikuuweza, aliowekewa na mhadhiri mmoja aliyekuwa akija kutoa nakala. Fundi alikuwa ameipenda kwa sababu zake mwenyewe.

"Hizi nyingine zimefungwa boneti," aliniambia. "Ikigoma, unakaa nayo mnatazamana. Hii ukitaka kuona kinachozunguka ndani, unaona."

Alizipokea karatasi zangu, akazitazama kwa upande, pale palipokatwa.

"Umekata wewe?"

"Nimekata mimi. Zilale vizuri."

"Sisi kiwandani ukikata uzi bila kuambiwa unaitwa ofisini."

"Ofisi yenyewe imeshauzwa, Fundi."

"Haijauzwa. Inasubiri. Na mimi nasubiri, ndiyo maana unanikuta hapa."

Alifungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, akaandika mstari mmoja mrefu wa amri. Skana ikaanza kuunguruma. Alikuwa ameiambia ipige ukurasa, ingoje, ipige mwingine, na kila mmoja iupe namba yake. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi, kufunika, na kubonyeza kitufe cha kuendelea. Baada ya ukurasa wa tatu niliona zile alama za maji kwenye skrini, chafu, za kahawia.

"Hizi huwezi kuziondoa?"

"Nikipiga rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, zinakwenda."

"Piga hivyo. Baraza wasije wakadhani tumeokota jalalani."

Tukaanza upya kwa nyeusi na nyeupe. Herufi zilitoka kali na karatasi ilikuwa nyeupe kama mpya. Tulimaliza thelathini na nane. Kisha akaandika amri ya pili, ya kuziunganisha zote ziwe faili moja, akalifungua tuone. Baada ya ukurasa wa kwanza ukaja wa kumi. Halafu wa kumi na moja, wa kumi na mbili, mpaka wa kumi na tisa, ndipo ukatokea wa pili.

Fundi alikuna kidevu. Hakuonekana kukerwa.

"Anasoma herufi, hasomi hesabu. Kumi inaanza na moja, basi anaiweka kwa moja. Ishirini anaiweka kwa mbili. Kwake ni ndugu."

"Mwambie aanze kuhesabu kutoka mia na moja," nikasema. "Zote zitakuwa na tarakimu tatu."

Alinigeukia.

"Umesoma wapi wewe?"

"Kidato cha nne tu."

"Kaa hapa dukani."

"Naenda Tunduma."

"Tunduma kuna nini?"

Nilisema kuna biashara. Akabadilisha namba, akaunganisha tena, na safari hii kurasa zilikuja kama nilivyozipanga. Tulilituma Alhamisi saa tano asubuhi. Faili lilikuwa jepesi, likaondoka mara moja. Mwanasheria alijibu kwa neno moja, ahsante. Nilitembea kurudi Kilakala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwangu siku zile.

Mama mdogo alikuja Jumamosi kuchukua daftari lake. Nilikuwa nimemtolea nakala moja kwenye printa kwa Fundi, nikaibana kwa pini mbili. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, madarasa ya jioni, na alisoma polepole huku midomo ikitembea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alirudi nyuma. Nilikuwa napika.

"Hawa wageni wamefikaje kwa wenyewe?" akauliza.

"Wageni gani?"

"Hawa. Huyu ni wa kuazimwa. Huyu naye. Na huyu wa tombo la upande wa juu anafanya nini hapa? Wewe, umewachanganya watu."

"Nimepanga kwa tarehe, mama."

"Kwa tarehe za nini?"

Akanieleza, kidole kikiwa juu ya karatasi, kama anavyoelezwa mtoto. Kaka yake hakuandika popote penye nafasi. Aliligawa daftari kwa matombo. Kila tombo lilianza na ukurasa wa mama wa mwanzo, na mipaka yake: mto, jiwe, mti fulani. Chini kabisa ya ukurasa huo aliandika kwamba wote wanaofuata wameazimwa. Kisha zikafuata kurasa za hao walioazimwa, mmoja mmoja, kwa miaka yoyote waliyokuja. Alikuwa amekwisha kusema mwanzoni. Hakuona haja ya kurudia neno "kuazima" kila ukurasa.

Nikautafuta ukurasa wa mtoto wa mjomba. Ulikuwa na mistari mitatu. Ulisema: leo nimempa mwanangu mahali pa kando ya mto apande mdalasini, mashahidi ni fulani na fulani. Kwenye daftari la mjomba ukurasa ule ulikuwa nyuma ya ukurasa wa bibi yetu, katikati ya walioazimwa. Kwenye faili langu ulikuja mara tu baada ya ukurasa unaosema mjomba amekabidhiwa mamlaka ya kugawa ardhi. Ukisoma hivyo, mkubwa wa ukoo amepewa mamlaka, na kesho yake amempa mwanawe shamba. Hata mimi ningemwamini.

"Hujapeleka hii?" mama mdogo akauliza.

"Nimepeleka."

Hakunigombeza. Aliinuka, akapunguza moto uliokuwa unaunguza mboga yangu, akakaa tena.

Nilipompata mwanasheria Jumatatu asubuhi alikuwa tayari ameshaliwasilisha, na upande wa pili ulikuwa umepewa nakala, kama utaratibu ulivyotaka. "Leteni kama ilivyokuwa," akasema, "na mtafute namna ya kuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Neno la mama yako mdogo peke yake halitatosha, maana ndiye mdai."

Tulikwenda kwa Fundi wote wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Huyu binti kakupa kazi mara mbili."

"Alinipa ushauri wa bure pia. Leo nitamtoza."

Mama mdogo alizitandaza karatasi kwenye meza ndefu ya kukatia, ile ya Fundi ya kufungia vitabu. Alianza na bibi yetu, mama yake mzazi. Hakusoma tarehe. Alisoma jina la mwanamke, akataja mama yake, na mama wa mama yake, akaweka karatasi. Kisha akawaweka walioazimwa nyuma yake. Alikwenda vizuri kwa tombo la kwanza na la pili. Kwenye la tatu, la watu waliohamia kule kunakoitwa Matombo, alikwama. Alikuwa na karatasi nne mkononi na hakukumbuka ipi ilitangulia.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai. Akakiweka chini, akachukua karatasi moja kati ya zile nne, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha nyingine.

"Hii imelala juu ya hii," akasema. "Tazama. Huu wino umehamia huku, kinyumenyume. Hili neno 'jiwe' liko hapa, na huku liko vilevile, limegeuka. Mvua ilipiga likiwa limefungwa."

Alikuwa ameangalia kitambaa miaka ishirini na kitu, akitafuta mahali nakshi inapokosea. Tulipanga upya thelathini na nane zote kwa kivuli cha wino, mama mdogo akitaja wanawake na Fundi akilinganisha madoa. Mara mbili walitofautiana, na mara zote mbili mama mdogo alisema, "Ngoja," akafikiri, akakubali kwamba doa limesema kweli.

Na hapo nikaelewa kwa nini faili langu safi halikuwa na maana. Nilikuwa nimefuta ushahidi kwa kupendezesha.

Safari ya pili tulipiga kwa rangi, karatasi nzima, mbele na nyuma, na kingo zake. Faili lilitoka zito mno, kubwa kuliko barua pepe ingeweza kubeba. Fundi alilijaribu mara tatu na kila mara mtandao ulikatika njiani. Ikabidi apunguze ukali wa picha, tuangalie kama kivuli cha wino bado kinaonekana, apunguze tena. Alipunguza mpaka nikasema hapo hapo. Lilichukua karibu saa nzima kuondoka, huku sisi watatu tukitazama mstari mmoja ukijaa kwenye skrini. Mama mdogo aliuliza kama daftari limekwishafika au bado liko njiani, na Fundi akamjibu kwamba liko Chalinze.

Baraza lilikaa baada ya wiki tatu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa mkoa mwingine, kwao shamba hufuata baba, na hakuficha kwamba mambo yetu yalimchosha. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza, mmoja wao mama wa Kiluguru aliyekuwa mwalimu mstaafu. Binamu yangu alikuja bila wakili. Alikuwa amevaa shati la marehemu baba yake, nililitambua. Alisimama akasoma ukurasa ule wa mistari mitatu kutoka kwenye nakala yangu ya kwanza, kwa sauti nzuri, na aliposema "nimempa mwanangu" alisita. Sidhani kama alikuwa anaigiza.

Mwanasheria wetu akaleta nakala ya pili. Mwenyekiti akaweka moja kulia, moja kushoto.

"Daftari ni moja au ni mawili?"

"Moja, mheshimiwa."

"Nani alipanga hii ya kwanza?"

Nilisimama. "Ni mimi."

"Kwa nini ulikata daftari la watu?"

"Nilitaka lipigike vizuri. Nikapanga kwa tarehe."

"Tarehe ndiyo utaratibu. Kwani mjomba wako alipanga kwa nini?"

"Kwa matombo, mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwenyekiti aliangalia juu, na yule mwalimu mstaafu akamwinamia, akamweleza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Mwenyekiti akasema, "Kwa hiyo baba hana chake?" Mwalimu akasema, "Anacho, kwa mama yake." Mwenyekiti akaandika kitu. Kisha akaomba karatasi zenyewe, zile zilizokatwa, na kwa karibu nusu saa alizilinganisha yeye mwenyewe, doa kwa doa. Alionekana kuvutiwa na kazi hiyo kuliko na sisi.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Shamba la mtoni ni la upande wa mama, haliwezi kuuzwa na aliyeazimwa. Miti ya mdalasini ni ya aliyeipanda. Avune mara moja, msimu huu wa mvua ambapo gome linabanduka, kisha aondoe mikono yake.

Binamu alikuja peke yake kutoka Turiani kuvuna. Nami nilikuwa kule mlimani siku zile, nikimsaidia mama mdogo kuezeka jiko. Sisi mabinamu tulikuwa na utani tangu utotoni na sikujua kama bado upo. Nilimkuta anakwangua gome la nje kwa kisu, miguu wazi, tope mpaka magotini.

"Umekuja kunikagua, binamu?"

"Nimekuja kukuibia."

"Hakuna kilichobaki. Umeshaiba kwa kompyuta."

"Kwa kompyuta nilikupa wewe. Ile ya kwanza ilikuwa zawadi yako."

Alicheka kidogo, bila kuniangalia. "Ilikuwa nzuri ile. Nilimsomea mke wangu."

Alifanya kazi siku tatu. Alikata mashina na matawi, akabandua, akakunja magome, akayaanika kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mtu aliyekuwa amemshitaki. Mama mdogo alimpikia. Siku ya tatu, akiwa anamwekea ugali, alisema kama anayeendelea na mazungumzo yaliyokatika:

"Daftari nimelishona. Kuna ukurasa nyuma yangu. Nitakuandika hapo. Ukae mpaka ufe, wewe na mkeo. Usiuze tu."

"Niandikwe mgeni, shangazi? Hapa nilipoanguka kwenye mfenesi nikavunjika mkono?"

"Baba yako ndiye alikuandika hivyo."

"Najua. Nimesoma kwa mpangilio wenu pia."

"Alikuwa anakupenda."

"Shangazi, mama yangu ni mtu wa Iringa. Kwao mtoto ni wa baba. Nilikwenda kule baada ya hukumu. Wajomba wakanipokea vizuri sana, wakanichinjia, wakaniuliza: kwani kwa baba yako kuna nini?"

Mama mdogo alimwongezea mboga. Baraza lilikuwa limepima mpangilio mmoja dhidi ya mwingine na kuchagua ulio sahihi, na ulikuwa sahihi kweli. Lakini katika wowote binamu yangu hakuwa na ukurasa wa mwenyewe. Alikula akamaliza. Hakusema kama ataandikwa au hataandikwa, na mama mdogo hakurudia.

Asubuhi yake nilishuka naye hadi Mkuyuni, kila mtu na mzigo wa magome kichwani. Njia ilikuwa inateleza. Gari lilipotufikisha mjini alishusha mizigo yake, akauliza lini naenda Tunduma.

"Wiki ijayo."

"Shangazi akifa, lile ni lako."

"Ndivyo lilivyo."

"Na hukai." Alilisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Mimi ningekaa."

Nikamsaidia kupandisha mzigo kwenye basi la Turiani. Alikaa upande wa dirisha, akafungua kioo, na kwa sababu lilikuwa halijajaa tulibaki hivyo muda mrefu, yeye juu na mimi chini, mpaka dereva akaja. Nilikwenda Tunduma wiki ile. Mama mdogo yuko mtoni hadi leo, na kila nikimpigia huniambia kwamba mdalasini umechipua kwenye visiki, kwamba hajaugusa, na kwamba binamu yangu bado hajaleta jibu.